Mwalimu wa Kamina na malipo yasiyo ya fedha

Tarehe 23 Machi 1958, katika misheni ya Mtakatifu Bavo mjini Kamina, Kongo, iliimbwa kwa mara ya kwanza misa ambayo baadaye ilizunguka dunia. Ni Missa Luba: maneno yake ni ya Kilatini, lakini mwendo wa sauti na wa ngoma ni wa Waluba na majirani zao. Kyrie imejengwa juu ya kasala, aina ya wimbo wa Waluba, na Sanctus inafuata wimbo wa kuagana. Mwaka huohuo kwaya iliyoiimba ilikwenda Ulaya, ikaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na santuri yake ikafika mbali kuliko waimbaji wenyewe. Mwaka 1968 Sanctus ilisikika ndani ya filamu ya Kiingereza If...., na mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, ikairekodi upya misa nzima. Wanaosimulia habari hii humtaja Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefika Kamina mwaka 1953 na kuanzisha kwaya mwaka uliofuata. Kisha huwataja watoto, kwa kuwa sauti za watoto ndizo zinazokaa masikioni. Walimu husahaulika. Kwaya ile ilikuwa na wavulana wapatao 45 pamoja na walimu 15, na sauti ya kiume inayotangulia katika rekodi ya kwanza, ile ambayo watoto wanaiitikia, ni ya Joachim Ngoi, mwalimu wa shule ya Kamina.

Naanzia kwa walimu hao kwa sababu furaha ya ualimu huzungumzwa mno kwa maneno ya mawinguni: wito, sadaka, thawabu ya mbinguni. Maneno hayo ni mazuri, lakini hayamwelezi mtu ambaye hajawahi kushika chaki kwa nini mwenzake anaamka alfajiri kwenda kusimama mbele ya watoto sitini. Kwa maoni yangu furaha hiyo ni kitu cha hapa chini, kinachoonekana, chenye chanzo na masharti yake. Inatoka ndani ya kazi yenyewe, pale mwalimu anaposhuhudia kwamba alichokitoa kimeingia kwa mtoto na kimekaa. Wale walimu 15 walibahatika kuyasikia matokeo kwa masikio yao. Wao walitoa sauti, watoto wakajibu, na kama jibu la leo lilikuwa bora kuliko la jana, kila aliyekuwapo alilisikia papo hapo. Tena misa ile haikutungwa mezani kwa noti. Ilikua mazoezini, kwa kubuni pamoja, mkubwa na mdogo wakiwa ndani ya kazi moja. Masharti ya namna hiyo yakiwapo, mwalimu huipata furaha yake hata akiwa na mfuko mwepesi. Yakiondolewa, hakuna hotuba itakayoirudisha.

Si lazima kuwe na kwaya. Chukua darasa la kwanza la shule ya msingi, mwezi Februari au Machi, mvua ikiwa bado inapiga mabati. Watoto wameimba silabi tangu Septemba. Mmoja anasimama mbele ya ubao, anafuata fimbo ya mwalimu, anatamka bila kukosea: mama, meza, maji. Mwalimu mzoefu hadanganyiki, maana mtoto wa miaka sita ana kumbukumbu kali na anaweza kukariri ukurasa mzima bila kusoma hata herufi moja. Kwa hiyo mwalimu anafuta ubao na kuandika neno ambalo halijawahi kuwa kwenye somo, labda jina la dada yake mtoto huyo, kisha ananyamaza. Mtoto anatazama. Midomo inachezacheza, anaunganisha sauti ya kwanza na ya pili, anasita, anarudi mwanzo, na ghafla anageuka kumtazama mwalimu macho yamemtoka, kwa sababu ametambua kwamba ubao umemtaja mtu wa nyumbani kwao. Dakika moja kabla hakuwa msomaji. Sasa ni msomaji, na hakuna mtu atakayeweza kumnyang'anya jambo hilo hadi kufa kwake. Aliyelisababisha amesimama hatua mbili kando, na ameliona likitokea.

Kazi nyingi za mjini hazina dakika kama hiyo. Karani anapeleka faili na hajui lilikoishia. Mchimba madini wa Kolwezi anatoa jiwe ambalo thamani yake itaonekana katika nchi nyingine, mikononi mwa watu asiowajua. Mwalimu anaona mwanzo na mwisho wa kazi yake katika chumba kimoja. Na Kamina jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya lugha. Mtoto anaongea Kiluba na bibi yake na Kiswahili sokoni, na mbele yake kuna Kifaransa kinachomngoja katika vitabu vya madarasa ya juu na katika mitihani ya taifa. Mwenye kumvusha ni mwalimu, na huyo ndiye mtu wa kwanza kumsikia mtoto akiuliza swali lake mwenyewe, lisilotoka kitabuni, katika lugha ambayo mwaka uliopita hakuijua.

Furaha hii ya mwalimu imechunguzwa na watafiti kwa makini. Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani Dan Lortie alichapisha kitabu kuhusu maisha ya walimu wa shule, baada ya kuwahoji walimu wa miji ya karibu na Boston na kukusanya majibu ya wengine wa Florida. Aliwauliza ni kitu gani katika kazi yao kinachowaridhisha zaidi. Wengi hawakutaja mshahara wala likizo wala heshima. Walitaja siku walipomfikia mwanafunzi, naye akajifunza. Miongo minne baadaye, uchunguzi mkubwa wa shirika la OECD wa mwaka 2018 ulikuta kwamba walimu 9 kati ya 10 katika nchi zilizohusika wanaridhika na kazi yao kwa jumla, ingawa ni kama robo tu wanaoamini kwamba jamii inaithamini kazi hiyo. Tuzisome takwimu hizo mbili kwa pamoja. Kama furaha ya mwalimu ingetokana na kusifiwa, isingeweza kuwa kubwa hivyo mahali ambapo sifa ni chache hivyo. Kongo haikuwamo katika uchunguzi huo, na sitaki kuyapachika majibu ya watu wa mbali juu ya walimu wa Haut-Lomami, mkoa wa Kamina. Lakini linaloonekana huko ndilo linaloonekana mbele ya ubao wa darasa la kwanza: malipo haya hayatoki kwa mkubwa wala kwa umma, yanatoka kwa mtoto.

Yapo pia malipo yanayochelewa, na hapa mwalimu wa mji mdogo anamshinda mwenzake wa jiji kubwa. Mwaka 2014 wanauchumi Raj Chetty, John Friedman na Jonah Rockoff walichapisha utafiti uliofuatilia kumbukumbu za watoto zaidi ya milioni 2.5 wa Marekani hadi utu uzima. Walikuta kwamba mtoto aliyepata mwalimu hodari, hata kwa mwaka mmoja tu, alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuingia chuo kikuu na kupata kipato kizuri, na wasichana walikuwa na uwezekano mdogo wa kuzaa wakiwa bado matineja. Kule zilihitajika kompyuta na kumbukumbu za kodi ili jambo hilo lionekane. Kamina linaonekana barabarani. Mji huu ni njiapanda ya reli: njia moja inakwenda Lubumbashi, nyingine inaelekea Kasai, ya tatu, iliyokamilika mwaka 1956, inakwenda Kabalo na kuunganika na ile ya Kalemie na Kindu. Mwalimu aliyefundisha hapa miaka thelathini anamkuta mwanafunzi wake wa zamani akiuza tiketi stesheni, mwingine akimpima presha hospitalini, mwingine akiwa mwalimu katika darasa lilelile alilosomea. Matokeo ya Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, yanapotoka, vijana waliofaulu wanamwagiwa poda kichwani na kutembea mitaani weupe kama waokaji mikate, wakiimba. Mwalimu anayeketi barazani kwake hahitaji kuuliza nani amepita. Wanakuja wenyewe na poda yao.

Sasa nije kwenye pingamizi kubwa, ambalo kila msomaji wa Kongo analo tayari mdomoni: furaha haiivishi bukari. Ni kweli tupu, na historia ya ualimu katika nchi yetu haimruhusu mtu kulipita haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, dola ya Zaire ilipokuwa inaporomoka, mishahara ya walimu ilikwisha kabisa thamani, na wazazi wakaanza kuwalipa walimu wenyewe kwa ile iliyoitwa prime. Mpango wa muda ukageuka desturi ya karibu miaka thelathini, vita vikapita juu yake, na aliyekosa prime alirudishwa nyumbani asubuhi mbele ya wenzake, mara nyingi na mwalimu yuleyule aliyempenda. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 43, ilisema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure, lakini ilichukua hadi Septemba 2019 serikali kuanza kulitekeleza neno hilo. Mamilioni ya watoto wakaingia. Wazazi wakapumua. Walimu wengi, hasa wale wa N.U. wanaofundisha bila kuwamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, wakajikuta wamepoteza prime na hawajapata kitu mahali pake. Septemba 2024 walimu wa shule za msingi katika mikoa kadhaa walikataa kurudi darasani mpaka mishahara iboreshwe. Sioni sababu ya kuwalaumu.

Kuna watu, baadhi yao wakiwa na vyeo, wanaopenda kuichukua furaha ya ualimu na kuifanya hoja ya kutowalipa walimu. Ualimu ni wito, wanasema, na mwenye wito hahesabu faranga. Hoja hiyo naikataa kwa nguvu zangu zote, na nina sababu inayotoka katika jambo lilelile ninalolitetea. Ikiwa furaha inatokana na kumwona mtoto akielewa, basi inahitaji mwalimu aliyepo, mwenye usingizi wa kutosha na akili iliyotulia, aliyesahihisha madaftari ya jana. Mwalimu anayelazimika kulima shamba la mbali asubuhi na kuendesha baiskeli ya mizigo jioni ili watoto wake wale, anaingia darasani mwili ukiwa umechoka. Anaandika somo ubaoni, watoto wananakili, kengele inalia. Hapati nafasi ya kufuta ubao na kuandika jina la dada. Umaskini unamnyima mshahara wa fedha na kumnyima pia ule mwingine. Kwa hiyo anayesema mwalimu atosheke na furaha anamwibia mara mbili. Pendekezo la UNESCO na Shirika la Kazi Duniani la tarehe 5 Oktoba 1966, ambalo Siku ya Walimu Duniani inalikumbuka kila mwaka, lililiona hilo mapema: lilitaka mshahara wa mwalimu uonyeshe umuhimu wa kazi yake, na darasa liwe na idadi inayomruhusu kumshughulikia kila mtoto. Huko nyuma ya lugha ya kiserikali kuna masharti mawili ya furaha ninayoyazungumzia.

Pingamizi jingine husemwa kwa sauti ya chini. Wengi, inasemekana, waliingia ualimu kwa kukosa kingine: wana diploma yao ya humanités, hawana fedha za kwenda chuo kikuu, hawana ndugu katika shirika la reli la SNCC wala migodini, na shule ya jirani inahitaji mtu. Itakuwaje mtu wa namna hiyo apate furaha katika kazi ambayo hakuichagua? Naamini pingamizi hili linageuza mpangilio wa mambo. Tunadhani mapenzi huja kwanza na ustadi hufuata, lakini katika kazi za ufundi mara nyingi huwa kinyume. Mtu huanza kuipenda kazi siku anapoanza kuiweza. Mwalimu kijana anayeshindwa kunyamazisha darasa, anayeeleza sehemu za kumi mara tatu na kukuta nyuso zilezile tupu, hana cha kufurahia, awe alichagua au alisukumwa. Mpe mwenzake mzoefu wa kumwonyesha jinsi ya kugawanya chungwa au kipande cha muhogo mbele ya watoto kabla ya kuandika sehemu hizo ubaoni, na wiki ileile ataona mikono ikinyooshwa. Hapo ndipo kazi inapomshika. Ndiyo maana ninamwona direkta anayeingia darasani kwa mwalimu mpya, akakaa nyuma, kisha akamshauri faraghani bila kumwaibisha, kuwa ni mlinzi wa furaha zaidi kuliko anayepanga sherehe.

Na madarasa yaliyofurika je? Hapa Kenya inatupa mfano unaojulikana. Peter Tabichi, bruda Mfransisko na mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya Keriko, kijiji cha Pwani wilayani Njoro, alipewa Global Teacher Prize mwaka 2019, tuzo ya dola milioni moja. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja, intaneti ya kusuasua, na wanafunzi 58 kwa mwalimu mmoja. Sehemu kubwa ya mshahara wake, asilimia 80, alikuwa akiitumia kuwasaidia maskini. Magazeti yaliikazania asilimia hiyo, na ninahofu kwamba ilisomwa vibaya, kana kwamba walimu wote wangepaswa kutoa mishahara yao. Tabichi ana nadhiri ya ufukara na hana watoto wa kulisha. Mfano wake wa fedha hauwezi kuwa kanuni kwa baba au mama wa familia. Linalofaa kuigwa ni lile la klabu ya sayansi. Baada ya vipindi alikaa na wanafunzi wake wakibuni vitu, mpaka kundi lao likapata tuzo ya Royal Society of Chemistry ya Uingereza kwa kuzalisha umeme kutoka kwenye mimea ya pale kijijini. Katika darasa la 58 hakuweza kumwona kila mmoja. Katika klabu aliweza. Ndivyo ilivyokuwa Kamina pia miaka sitini kabla yake: somo la darasani lilikuwa la programu ya serikali, lakini kwaya ilikuwa mahali ambapo mwalimu alileta kitu anachokipenda yeye mwenyewe na watoto wakakitia cha kwao.

Najua kuna atakayeniuliza kwa nini niisifu kwaya iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, iliyoongozwa na Mbelgiji na kupelekwa Brussels mwaka wa maonyesho makubwa ya 1958, ambako Waafrika wengine waliwekwa ndani ya kijiji cha maonyesho watazamwe. Ukoloni ulikuwa dhuluma, na shule zake zilitaka makarani na mafundi zaidi ya watu wa kufikiri. Hilo halipunguzi walichofanya wale walimu, linakiongezea uzito. Walifundisha ndani ya shule ambayo haikujengwa kwa ajili ya sauti yao, na bado wakaitoa sauti hiyo, pamoja na watoto wao, kwa namna ambayo hata aliyekuja kuwafundisha ilimbidi ainyamazie na kuisikiliza. Miaka miwili baadaye ukaja uhuru, kisha mtengano wa Katanga, na kwaya haikudumu. Misa imedumu.

Tangu 2015 Kamina ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami, wenye Bukama, Kabongo, Kaniama na Malemba-Nkulu, na shule zake nyingi ziko mbali na reli na mbali na benki, zikiwa za serikali, za Wakatoliki, za Wamethodisti na za Wapentekoste. Kila tarehe 30 Aprili taifa linawakumbuka walimu kwa gwaride na hotuba. Ninawaomba wenye kuhutubia mwaka ujao waje na orodha ya walimu wa N.U. wa mkoa huu walioingizwa kwenye mishahara, jina kwa jina, na tarehe ya malipo ya kwanza. Kamati za wazazi ziwaulize madirekta ni nani anayewaongoza walimu wapya, na ni saa ngapi kwa wiki shule inamwachia mwalimu afundishe kitu anachokipenda, iwe nyimbo, bustani, mpira au hesabu za mafumbo. Na wewe msomaji uliyefundishwa kusoma na mtu ambaye yu hai bado, nenda kwake wiki hii umwambie unafanya kazi gani sasa. Ana haki ya kujua.